Mfungua milango wa kampuni 34 na kitanda kisichovuka geti

Saa mbili kasorobo asubuhi, Mzee wa Funguo anafungua mlango wa kwanza. Anaingia, anawasha taa, anavuta kiti nyuma kidogo kama vile mwenye kiti ameinuka sasa hivi kwenda kunawa mikono, anachana karatasi ya jana kwenye kalenda, anatoka. Mlango wa pili. Taa, kiti, kalenda. Wa tatu.

Ikigonga saa mbili na nusu, ofisi thelathini na nne za ghorofa ya pili ziko wazi, zinang'aa, na ndani yake hamna mtu hata wa dawa.

"Kampuni zimeamka," anasema, huku akirudisha funguo kwenye ubao wake wenye misumari thelathini na nne. "Sasa naweza kunywa chai."

Mzee wa Funguo ndilo jina lake hapa. Lile la kwenye kitambulisho analitumia benki tu. Mwisho wa mwezi huu anatimiza miaka sitini, na kumi na sita kati ya hiyo ameimaliza kwenye jengo hili, ndani ya uzio wa eneo huru la biashara, kwenye kisiwa ambacho kivuko kinakifikia kwa dakika ishirini kutoka mjini.

Kazi yake imetokana na kifungu kimoja cha sheria. Kampuni iliyosajiliwa kisiwani, ili ipate msamaha wa kodi, lazima iwe na ofisi, na ofisi lazima iwe wazi saa za kazi. Mkaguzi hupita bila kubisha hodi. Akikuta giza, anaandika. Akiandika mara tatu, msamaha unaondoka.

Ndipo wenye kampuni wakachanga wakamwajiri mtu mmoja wa kuwafungulia milango. Mshahara wake wa mwaka mzima haufiki ada ya mwaka ya leseni ya kampuni moja kati ya hizo. Wenye kampuni wenyewe, kwa hesabu yake, amewaona kumi na mmoja. Waliobaki anawajua kwa vibao vya mlangoni.

"Kuna mmoja namfungulia mwaka wa tisa huu," anasema. "Akipita hapa leo nitamuuliza anamtafuta nani."

Anacheka mwenyewe, kisha anaacha ghafla. Ndiyo tabia yake: kicheko chake kinakatika katikati, kama mtu aliyekumbuka kuna mgonjwa chumba cha pili.

Mgonjwa hayupo. Kuna kitanda.

* * *

Ili uelewe habari ya kitanda, sharti kwanza umsikie mzee huyu akieleza faida za kusajili kampuni kisiwani. Si kazi yake, lakini watu wakishuka kwenye kivuko na mafaili yao kwapani, wa kwanza kukutana naye ni yeye. Miaka yote hiyo amewaeleza wengi kuliko mawakala wenye tai.

Anajiweka sawa kwenye kiti. "Miaka kumi hulipi kodi ya mapato. Mashine unaingiza bila ushuru, malighafi bila ushuru. Leseni unaipata siku hiyohiyo. Ukiwahi kivuko cha kwanza, chakula cha mchana unakula ukiwa mkurugenzi. Kampuni ni yako yote, hulazimishwi kushirikiana na mtu. Faida unaitoa unapotaka, unaipeleka unakotaka. Karatasi zote dirisha moja, hakuna njoo kesho."

Anashusha pumzi.

"Unaona? Hakuna uongo hata mmoja hapo. Yote ni kweli. Ndiyo maana inaniuma."

Mtu mmoja aliyemweleza hayo, miaka miwili na ushee iliyopita, sebuleni kwa mama yao, Jumapili baada ya chakula, ni mdogo wake wa tumbo moja. "Mdogo wangu niliyemwachia ziwa," anasema. "Hatujapishana hata miaka miwili. Nguo zangu ndizo alizovaa."

Huyo mdogo mtu ni seremala, na hata mama yake humwita Fundi. Wakati huo alikuwa na karakana nyuma ya soko la mjini kwa miaka ishirini na miwili, yeye na vijana wanne. Maharusi walinunua vitanda kwake, shule zilichukua madawati kwake, na mjane ambaye mlango wake umegoma kufunga alimfuata yeye. Alikuwa hapungukiwi kazi. Alichokuwa akilalamikia ni kodi na bei ya mbao.

"Akalalamika Jumapili hiyo, na mimi mwenye maneno yangu nikapata pa kuyatua," anasema Mzee wa Funguo. "Nikamwambia, Fundi, unahangaika nini na nduguyo yuko kisiwani? Hamia huku. Nikamwimbia wimbo wote, kodi, mashine, mbao. Mama anasikiliza, anaitikia kwa kichwa. Unajua raha ya mkubwa kusikilizwa mbele ya mama? Mwenzangu, ile raha imenigharimu."

Fundi aliuliza swali moja tu: "Kaka, na wateja wangu?"

"Nikamjibu, kazi nzuri haimtafuti mteja, mteja ndiye anaitafuta. Nikajibu harakaharaka, kwa kujiamini kabisa. Mungu anisamehe."

Kwa kuwa swali lilikuwa ndilo lenyewe.

Kisheria, ndani ya uzio ni kama nchi ya nje. Kitu kilichotengenezwa kisiwani kikivuka geti kwenda mjini kinahesabiwa kimetoka ng'ambo: kinalipiwa ushuru wa forodha, kisha juu yake kodi ya ongezeko la thamani. Tena kampuni yenye msamaha inatakiwa iuze nje ya nchi sehemu nane kati ya kumi ya inachotengeneza.

Je, Mzee wa Funguo hakulijua hilo? Alilijua, na hapo ndipo kwenye kidonda.

"Nililijua kama unavyojua kuna ugonjwa fulani nchi za mbali," anasema. "Kampuni zangu zote zinauza mbali huko. Nyingine haziuzi chochote ninachokijua mimi. Hakuna hata moja inayomuuzia jirani yake. Miaka yote hiyo sikuwahi kuiona kanuni ya geti ikimuuma mtu. Haikunijia akilini kabisa kwamba wateja wote wa mdogo wangu wako upande ule."

* * *

Fundi alifunga karakana ya mjini, akasajili kampuni, akavuka na vijana wake wanne. Miezi miwili ya mwanzo ilikuwa sherehe. Mashine mpya ya randa iliingia bila ushuru, mbao ngumu zikaingia bila ushuru. Kila jioni alipita kwa kaka yake, nywele zimejaa unga wa mbao, wakapanda kivuko pamoja kurudi mjini.

"Wiki hizo nilitembea kifua mbele," anasema mzee. "Kila niliyekutana naye nilimwambia, mdogo wangu ni mkurugenzi."

Kisha yakaja madawati. Shule ya mtaani kwao iliagiza arobaini. Fundi akayamaliza, akayapakia, akafika getini. Ofisa wa forodha akazunguka lori mara moja, akasema, "Haya ni madawati ya kutoka nje."

"Nje ya wapi?" Fundi akauliza. "Mwalimu mkuu yule pale ng'ambo ya geti, unamwona, anatupungia mkono."

"Namwona," ofisa akajibu, wala hakuwa na ubaya. "Lakini wewe ndiye uko nje."

Ushuru ukapandisha bei ya kila dawati kwa karibu nusu. Shule haikuwa na uwezo huo. Ikachukua madawati kwa kijana aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Fundi, ambaye alikuwa amekwishapanga karakana ileile ya nyuma ya soko. Na maharusi nao wakahamia kwa kijana huyo. Kutafuta wanunuzi wa nchi za mbali, Fundi hakujua aanzie wapi: hana picha za kazi zake, hana lugha zao, na kazi yake ameizoea kuipima kwa kuingia nyumbani kwa mtu na kuangalia ukuta.

Alivumilia miezi saba. Vijana wakaondoka mmoja mmoja. Mashine ya randa, kwa sababu nayo ingelipiwa ushuru ikitoka, aliiuza kwa kampuni nyingine ya ndani ya uzio kwa bei ya kutupa.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa kitanda cha mama.

Mama yao ana miaka themanini na moja. Kitanda chake cha zamani ni kirefu kwenda juu. Akikaa ukingoni miguu inaning'inia kama mtoto kwenye kiti cha kinyozi. Alishaanguka mara moja akishuka, nyonga ikaumia, na tangu hapo hashuki mpaka mkwewe aje kumshika mkono. Kwa mwanamke aliyelea watoto sita na kujilipia kila kitu, kusubiri mtu ili aende msalani si jambo dogo.

Fundi alimpima kwa uzi. Kutoka kisiginoni hadi nyuma ya goti, akapiga fundo. Akachonga kitanda ambacho mama akikaa, nyayo zote mbili zitakanyaga sakafu. Hakina msumari hata mmoja. Viungo vyake vinaingiliana, vinashikwa na kabari za mbao, na anayezijua kabari hizo anakifungua kikawa vipande kwa dakika kumi.

Akakipeleka getini. Kitanda cha kutoka nje.

"Akakirudisha, akaja mpaka hapa," anasema Mzee wa Funguo, akionyesha sakafu mbele ya ubao wa funguo. "Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akaniambia, kaka, wewe kazi yako kufungua milango. Mbona hukuniambia kama huu ukifungwa haufunguki?"

Ni miezi kumi na sita sasa. Tangu wiki hiyo Fundi hajakanyaga kisiwani, na hajazungumza na kaka yake.

* * *

Hajazungumza, isipokuwa kwa karatasi moja. Wiki ileile, ofisa wa geti, ambaye roho ilimsuta, alimnong'oneza mzee kanuni nyingine: mkazi wa kisiwani anayehama anaruhusiwa kutoka na vyombo vyake vya nyumbani bila ushuru, mradi awe amevitumia mwaka mmoja mfululizo.

Mzee akaenda karakana ya kisiwani kabla haijafungwa, akaomba kukinunua kitanda kihalali. Fundi akaandika risiti, akaichana kutoka kitabuni, akaiweka mezani, akaendelea kufagia.

Hivyo mtu mwenye mke na nyumba mjini akapanga chumba kisiwani ili alale kwenye kitanda cha mama yake mwaka mzima.

"Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini," anasema. "Akasema, wanaume wa wenzangu wanahamia kwa wanawake, wangu anahamia kwa kitanda."

Lakini miezi minne ya kwanza alilala sakafuni. Nafsi ilikataa, kitanda cha mama, tena hajakilalia mwenyewe, yeye akajitupe juu? Godoro lilikuwa bado kwenye nailoni. Mkaguzi alipopita kuthibitisha matumizi, alibonyeza godoro, nailoni ikalia, akamtazama. "Mzee, kitanda hiki hakijalaliwa." Mwaka ukaanza kuhesabiwa upya.

"Miezi minne ya mama yangu hiyo niliipoteza kwa kujifanya nina adabu," anasema, na safari hii hacheki hata kidogo.

Akang'oa nailoni, akalala. Mwaka unatimia siku kumi na mbili zijazo, siku tatu kabla ya kustaafu kwake. Wenye kampuni wamemwomba aongeze miaka miwili. Amekataa, kwani asipohama, kitanda hakitoki.

Ungedhani mambo yamekwisha. Ng'o! Chumba chake kiko mwisho wa ukumbi mwembamba unaokata kona, na mlango wake haupitishi kitanda kizima hata ukilaze ubavu. Lazima kifunguliwe. Na mzee, siku alipokiunga, hakutaka kumuuliza mdogo wake kitu. Aliona aibu. Akazipiga kabari yeye mwenyewe, kwa nguvu zake zote, mpaka zikamezwa. Halafu, ili kisije kulegea, akatia gundi.

"Kwenye kazi isiyohitaji gundi," anasema, akiziba uso kwa viganja. "Mimi na kusaidia!"

Mwenye nyumba amejitolea kumwazima msumeno. Mzee amemwambia akiuleta msumeno chumbani humo watagombana.

* * *

Saa tano, mwanamke mmoja anapanda ngazi na bahasha kubwa. Anatengeneza sabuni za kuogea, amesikia kuhusu msamaha wa miaka kumi, ameambiwa yuko mzee anayeeleza vizuri.

Mzee wa Funguo anamkaribisha kiti. Anamweleza yote, kodi, mashine, malighafi, leseni ya siku moja. Hapunguzi neno. Halafu anamuuliza, "Mwanangu, wanaoogea sabuni yako wako upande gani wa geti?"

Mwanamke anafikiri. "Maduka ya mtaani kwetu. Na hosteli mbili."

"Basi kanywe maji, upumzike, upande kivuko cha saa sita urudi nyumbani. Ukipata wa kununua nchi za nje, rudi, na mlango nitakufungulia mimi. Au atakayekuwapo."

Mawakala wameshamshitaki mara mbili kwamba anafukuza wateja. Anasema hafukuzi mtu, na kwamba kampuni mbili alizoziuliza swali hilohilo zilisajiliwa na zinaendelea vizuri, moja ya vifungashio na moja ya nguo za kazini, kwa sababu wanunuzi wao wako ng'ambo kwelikweli. Eneo huru si baya, anasisitiza. Kibaya ni mtu kuambiwa nusu.

Saa saba mchana simu yake inaita. Ni mama, leo Alhamisi, na Alhamisi ndiyo siku yake. Mzee anaiweka mezani, sauti nje, kwa kuwa sikio lake la kulia limechoka.

"Kitanda changu umekizoea?" mama anaanza. Ndiyo salamu yake mwaka huu.

"Siku kumi na mbili, mama."

"Nami nahesabu. Ulifikiri nahesabu nini, kuku? Mdogo wako yupo hapa."

Huko mjini inasikika sauti ya mwanamume, kwa mbali, kama mtu aliyesimama mlangoni na hajaamua kuingia.

"Anauliza," mama anasema, "kabari ulizipiga kutoka upande gani?"

Kumbe habari zimeshafika. Mkewe mzee hana kifua.

"Upande wa ndani, mama."

"Anasema wa ndani." Kisha, "Anauliza, ulitia gundi?"

Mzee anatazama ubao wa funguo, anatazama dari, anamtazama mwandishi wa makala haya kana kwamba yeye ndiye atamjibia. Macho yamemlowa.

"Mwambie nilitia."

"Ametia," mama anasema.

Halafu kwenye simu kinasikika kitu ambacho mzee anasema hajakisikia kwa miezi kumi na sita: mdogo wake anacheka. Si kicheko kirefu, na kinaishia kwenye msonyo, lakini ni kicheko.

"Anasema usiguse kitu," mama anaeleza. "Usiguse chochote. Anakuja kabla ya siku yako na nyundo yake na maji ya moto. Anasema hafanyi kwa ajili yako."

"Najua, mama."

"Anafanya kwa ajili yangu."

"Najua."

Simu inakatika. Mzee wa Funguo anainuka kwa sababu saa saba na nusu mkaguzi huwa na mtindo wa kupita, na kiti cha ofisi ya kumi na tisa kimerudi mezani chenyewe kwa upepo wa dirisha. Anakivuta nyuma.

Akiulizwa atamwambia nini mdogo wake akishuka kwenye kivuko, anatikisa kichwa. Karakana haitarudi, anasema, na wateja wa miaka ishirini na miwili hawarudishwi kwa pole. Maji yakimwagika hayazoleki. Mwaka huu mmoja amepanga maneno mengi kitandani humo, na yote ameyaona mepesi.

"Nimesema vya kutosha maishani mwangu," anasema. "Safari hii sitamweleza kitu. Atakapokifungua, nitamshikia upande wa pili."